Turbo ya Madam Nanyama

Madam Nanyama alipostaafu kufundisha fizikia, wanawe walitarajia anunue ng'ombe wa maziwa. Yeye akanunua gari jekundu la viti viwili, dogo kiasi kwamba likiegeshwa kando ya lori halionekani. Kisha akalipeleka gereji kwa Mugure, fundi aliyekuwa mwanafunzi wake miaka kumi na minne iliyopita, akamwambia anataka lifungwe turbo.

Mugure hakucheka. Shida ya gari lile aliijua hata kabla ya kufungua boneti. Nakuru iko juu, hewa yake ni nyepesi, na injini ndogo ikipanda milima ya huku hupanda ikihema. Turbo ingeisukumia hewa inayoikosa. Lililobaki ni kujua isukumiwe kiasi gani.

Alipima mitungi yote minne ya injini, akaikuta mizima. Lakini pistoni zilikuwa zile zile za kiwandani, kwa hiyo akasema atafunga turbo ndogo na presha haitapita pauni sita. Madam alikuwa amesoma mtandaoni kwamba kuna watu hufika kumi na mbili. Alitaka angalau kumi. Shindano la kupanda mlima lilikuwa limebakiza wiki tatu, kwenye shamba moja la zamani karibu na Elburgon, na Maxwel, aliyekuwa naibu wake katika idara ya sayansi shuleni, angekuja na gari la injini kubwa. Huyo Maxwel alikuwa amelicheka gari jekundu mbele ya walimu wote.

"Kwa kumi itapanda vizuri sana, Madam," Mugure alimwambia. "Mara moja tu."

Madam akakubali sita.

Kazi ilichukua wiki mbili na nusu. Mugure aliunda ekzosi upya, akavuta bomba la oili mpaka kwenye turbo, akaweka nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta na kompyuta ndogo ya kuyapima. Kiprugut, jirani yake anayeuza vipuri vya magari yaliyopata ajali, alipita akasema kwa upole kwamba hiyo injini itapasuka kabla ya Njoro. Mugure akaendelea kukaza nati.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya shindano, walitoka kulijaribu barabara ya Njoro, Madam kwenye usukani, Mugure kando yake na laptopu mapajani, imeunganishwa na injini. Kwenye gia ya tatu, presha ilipofika juu, Mugure aliona kipimo cha msukumo wa mafuta kikishuka. Papo hapo akasikia mlio mdogo, kama punje za mahindi zikitikiswa ndani ya kopo.

"Toa mguu."

Madam alikuwa ameshautoa.

Waliegesha kando ya shamba la ngano. Mugure alieleza kwamba pampu mpya ya mafuta aliyouziwa haikuwa na nguvu. Ilikuwa feki, na kama wangeendelea hivyo, pistoni zingetoboka. Madam akauliza kama hawawezi kushusha presha hadi nne na kushindana hivyo hivyo. Mugure alijua inawezekana, na kwamba hakuna ambaye angemlaumu. Lakini hesabu zake alikuwa amezirudia mara tatu.

"Mpango uko sawa," akasema. "Kibaya ni pampu. Nitatoa pampu."

Walirudi mjini polepole, moja kwa moja hadi kwa Kiprugut. Yadi yake ilikuwa na gari kubwa lililobondeka mbele tu, na pampu yake halisi ilikuwa ingali nzima. Kiprugut aliifungua kwa mikono yake mwenyewe. Saa kumi jioni walikuwa tena kwenye barabara ile ile na gia ile ile. Presha ilipanda, mafuta yakaifuata, mlio haukusikika. Walipokaribia Njoro, Madam akapunguza mwendo.

"Darasani hukuwa unauliza maswali," akasema. "Nilidhani huelewi."

"Nilikuwa naelewa, Madam."

Jumamosi magari kumi na tisa yalipanga foleni chini ya mlima, na barabara ya shamba ikafungwa. Maxwel alipanda mapema, gari lake likinguruma mpaka ndege wakatoka msituni, akatumia dakika mbili na sekunde kumi na moja. Madam akavaa helmeti na kuondoka bila mbwembwe. Turbo ilipiga mluzi hadi kona ya juu, halafu kukawa kimya, mpaka msimamizi aliposoma muda kwenye redio: dakika mbili na sekunde tisa.

Kwa jumla Madam alikuwa wa tano, mbele ya Maxwel. Maxwel alikuja akaomba afunguliwe boneti, akaitazama injini kwa muda mrefu, akauliza ni nani aliyeifanya.

"Yuko mbele yako," Madam akamjibu. "Muulize mwenyewe."

Maxwel akaomba namba ya simu. Nyuma yake wenye magari wengine wawili walikuwa wanangoja zamu yao, na Mugure akawaambia wote watatu kwamba atapima injini kwanza, ndipo waongee habari ya presha.

Baada ya chakula waandalizi walitangaza kwamba anayetaka anaweza kupanda tena kwa kujifurahisha. Madam akamwekea Mugure ufunguo mkononi. Mugure hakuwa amewahi kushindana maishani. Alifunga mkanda, akangoja bendera ishuke, akakanyaga. Kiti kikamsukuma mgongoni, kona ya kwanza ikamjia haraka kuliko alivyodhani, naye akaikata akicheka peke yake ndani ya helmeti.