Kofia Arobaini na Moja za Brackenby

Katika Bunge la Waingereza, mbunge asiyetaka nafasi yake ikaliwe huweka kofia juu yake kabla ya sala ya ufunguzi. Kofia ikishawekwa, hata waziri mkuu haigusi.

Jumanne ile Lodi Ambrose Wyvill, mwenye benki na mbunge, aliingia saa saba na nusu mchana, kofia ndefu ya hariri mkononi, akakuta mabenchi ya chama chake yamejaa kofia arobaini na moja za wachimba makaa ya mawe. Zilikuwa zimelowa. Maji meusi yalichuruzika sakafuni.

"Ambrose, hizi za nani?" aliuliza Hubert Trench, mbunge mwenzake, aliyekosa pa kukaa.

"Za watu wangu wa Brackenby."

"Si walikufa maji mgodini mwezi wa pili?"

"Ndio hao."

"Wangekufa kwa adabu, basi. Nimekaa pale miaka kumi na tisa!"

"Iondoe moja."

"Niondoe kofia ya mtu? Kwani umeniona sina kwetu?"

Spika alipekua kitabu cha kanuni, akasema kanuni inataja kofia tu. Mwenye kofia hatajwi. Waliokosa nafasi wakasimama nyuma, wakilalamikia unyevu.

Ambrose alipata upenyo kati ya kofia mbili. Muswada wa siku hiyo ulitaka kila mgodi uwe na shimo la pili la kutokea. Mgodi wa Brackenby, mali ya benki ya ukoo wa Wyvill, ulikuwa na moja.

Asubuhi, yaya wake wa zamani, Nan Thewlis, alikuwa amekuja kwa treni kumwona. Wanawe wawili walikuwa miongoni mwa wale arobaini na mmoja. Wa tatu, Joseph, bado alikuwa akishuka shimoni kila siku.

"Amby mwanangu," alisema akiwa kizingitini, kwani alikataa kuingia na viatu vya matope, "nimekuogesha, nimekulisha, sijakuomba kitu. Niachie huyu mmoja."

"Nan, mambo haya yana taratibu zake."

"Hata kuoga ulikuwa ukisema hivyo hivyo."

Alimwahidi kwamba angelifikiria, na kwa kweli alilifikiria, tangu saa nane hadi saa kumi, huku maji ya majirani zake yakimpanda surualini hadi magotini. Yalikuwa na baridi ya chini ya ardhi. Aliwafikiria pia wabia wake: kuchimba shimo la pili kungeufunga mgodi miezi minane.

Kengele ya kura ikalia. Wanaokubali walitokea mlango wa kulia, wanaokataa wa kushoto. Kofia zilibaki. Katibu alieleza kwamba wenyewe hawakula kiapo, hivyo wanaweza kukaa lakini hawawezi kupiga kura. Ambrose aliinuka, akakamua pindo za suruali, akapita kushoto. Muswada ulianguka kwa kura moja.

"Umefanya la kiungwana," Trench alimwambia. "Sasa kabadilishe soksi."

Aliporudi, katika nafasi yake palikuwa na kofia ya arobaini na mbili. Hii ilikuwa kavu, na bado ina joto la kichwa. Ndani, kwa uzi mwekundu, mkono ule ule uliotia alama mashati yake ya utotoni ulikuwa umeshona: J. Thewlis.

Saa hiyo Joseph alikuwa hai, chini, akichimba.

Ambrose hakuigusa. Alikwenda kusimama nyuma pamoja na wenzake, hadi Spika alipoahirisha kikao.