Tuliposubiriana

Nilitaka jambo moja tu: kuingia katika nyumba mpya kwa miguu yangu mwenyewe. Daktari alikwisha niambia kwamba ugonjwa huu wa misuli utaanza na miguu, na kwamba hakuna dawa ya kuuzuia. Nyumba yetu ya Redruth ina ngazi kali. Kitanda kiko juu, choo kiko juu. Kwa hiyo Krismasi ilipopita tu tuliitangaza kuwa inauzwa, tukapata nyumba isiyo na ghorofa kule Portreath, mbele ya bahari, ya mjane mmoja aitwaye Bibi Hosking. Siku ya kuiona niliingia na fimbo, kama mgeni. Nilitaka kuingia tena ikiwa yangu.

Kwetu nyumba hainunuliwi peke yake. Vijana wawili walitaka yetu, sisi tulitaka ya Bibi Hosking, naye alikuwa akitafuta fleti karibu na binti yake huko Exeter. Tunauita mnyororo, na mpaka siku mawakili wanapobadilishana mikataba, yeyote anaweza kujitoa na kuwaacha wengine wakishangaa. Kabla ya siku hiyo mnunuzi humtuma mkaguzi atazame paa na kuta, na wakili wake hufanya upekuzi: huuliza halmashauri, huuliza watu wa maji, na huku kwetu hutazama ramani za migodi ya bati, maana babu zetu walichimba kila mahali na hujui shimo liko chini ya jiko la nani. Yote hayo unayalipia mapema, na muuzaji akijitoa, imekula kwako.

Denzil, mume wangu, yalikwisha mkuta. Mwaka uliotangulia tulikagua nyumba ya Camborne, tukafanya upekuzi wote, halafu mwenyewe akabadili nia.

"Safari hii simtumi mtu," akasema. "Bibi apate kwanza pa kwenda. Akipata leo, mkaguzi anaingia kesho."

"Na miguu yangu nayo nani ataiambia isubiri?"

"Loveday, kipenzi, ni wiki chache tu."

Kila mtu alimwambia ana busara, hata wakili. Sikubishana naye. Nilinuna kimyakimya, kazi ambayo siiwezi vizuri. Dalali wetu, binti anayeitwa Tamsin, alipiga simu kila Ijumaa kutuambia kwamba Bibi Hosking bado anaangalia-angalia. Kufikia Pasaka fimbo moja ilikuwa imekuwa mbili. Ngazi nilizishuka kwa makalio, nikimtukana Denzil kwa kila moja, naye akinisubiri chini amefungua mikono.

"Matusi hayo umejifunzia wapi, mke wangu? Kanisani?"

"Kwa mama yako."

Tulicheka sana siku hiyo. Kisha mkono wangu ukakosa ukingo, nikamwangukia kifuani, na tukakaa pale chini tumeshikana. Nilikuwa naogopa, naye aliogopa vilevile.

Kwetu mnunuzi hampigii simu muuzaji. Si sheria, ni kuoneana haya tu. Maneno yote hupitia kwa dalali na kwa mawakili. Mwezi wa Mei nilichoka na haya. Denzil akiwa kazini, nikaita teksi na kwenda Portreath.

Bibi Hosking alifungua mlango akiwa na aproni. Alitazama fimbo zangu, akanishika kiwiko, akaniketisha jikoni na kunikatia keki ya zafarani.

"Sikujua kama bado mnaitaka," akasema.

"Mbona tunaitaka! Tunakungoja wewe upate fleti."

Akaiweka birika chini. "Mnaningoja mimi? Makubwa haya! Mimi ndiye nawangoja ninyi. Nilijiambia, hawa hata mkaguzi hawajaleta, si watu wa kununua hawa. Fleti nzuri nimeziona, zote nimeziacha zikachukuliwa. Nitawapa watu neno langu vipi, na mnunuzi wangu mwenyewe simwamini?"

"Tamsin hakukwambia?"

"Aliniambia mko tayari kabisa. Dalali gani atakwambia vingine?"

Tulikula keki. Ilikuwa nzuri, nami sikuwa na hamu nayo.

"Si ungenipigia simu, mpenzi," akasema baadaye, macho yake kwenye viatu vyangu.

"Wewe je?"

"Na mimi sikupiga," akasema.

Jioni nilimwambia Denzil kabla hajavua koti. Aliketi kwenye ngazi na hakujitetea hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kama angejitetea. Asubuhi, kabla ya chai, alimpigia mkaguzi, kisha akamwambia wakili aombe upekuzi wote siku hiyohiyo.

Mkaguzi alikwenda ndani ya wiki hiyo. Hakuona baya ila mfereji wa paa. Ramani za migodi zilikuwa safi. Bibi Hosking alipata fleti mapema kuliko tulivyotarajia, na wale vijana walionunua yetu, Mungu awabariki, hawakukimbia. Iliyobaki ni halmashauri. Huko kulikuwa na foleni, na jibu lao lilikula kiangazi karibu chote.

"Lingeombwa mwezi wa Februari..." wakili alianza kusema kwenye simu.

Julai ndipo nilipoacha kusimama.

Tulikabidhiwa funguo mwishoni mwa Agosti. Denzil alifungua mlango wa nyumba, akarudi garini kuchukua ubao wa kupitishia kiti changu cha magurudumu, akatoa na futi yake.

"Denzil, usipime."

"Ubao ukiteleza..."

"Nimesema usipime. Nibebe."

Akanibeba. Si kijana tena, na alihema njia nzima mpaka jikoni. Akaniketisha kwenye kiti ambacho Bibi Hosking alikuwa amekiacha dirishani, na bahari ilikuwa pale nje, kubwa na ya kijivu.

"Tumefika," akasema.

"Tumechelewa."

Sikulisema kwa ukali. Lilikuwa neno la kweli, na nilikuwa nimechoka kulimeza.

"Najua," akasema, akatoka kwenda kuleta kiti changu.

Nilisikia mlango wa gari ukifungwa, kisha sikusikia nyayo. Baada ya muda nikamsikia akilia pale nje kizingitini, mtu ambaye hakutoa chozi hata siku ya kumzika baba yake. Nilikuwa bado na hasira naye. Na nilimpenda mno, na nilitaka kumwendea. Nikashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, nikajisukuma, nikajisukuma tena. Miguu haikunisikia.

"Denzil," nikaita. "Njoo wewe. Mimi siwezi kuja."