Kifua Inchi Thelathini na Moja

Bibi harusi alitoa pumzi yote, akabana tumbo, lakini wapi! Pande mbili za gauni hazikukutana mgongoni. Palibaki wazi upana wa kiganja.

Fundi cherehani alizivuta tena, hazikukutana. Kitambaa kile cha maua madogo ya zambarau, chenye uzi wa fedha pindoni, kiliachwa na marehemu mama wa binti. Alikikata asubuhi ileile, hakikubaki hata cha kushonea mfuko. Na harusi ni keshokutwa.

"Fundi, nimenenepa?" binti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hujanenepa, mwanangu. Ngoja."

Alifungua kwenye simu ukurasa wa duka, ambako kila mteja alikuwa na ukurasa wake wa vipimo. Bibi harusi: kifua inchi thelathini na moja. Akafungua wa mwalimu mkuu, mama wa kujaza mlango: thelathini na moja. Akafungua wa shemeji yake, mbeba magunia: thelathini na moja!

"Mungu wangu!" Akampigia mkwewe, aliyeutengeneza ukurasa.

"Mama, si ulilalamika unafunguka kwa kujivuta?" mkwe alieleza. "Jana nikaweka utaratibu wa nakala. Ukurasa wa mteja wa kwanza kufunguliwa unahifadhiwa, na ukifungua wa mteja mwingine unaletewa uleule, linabadilika jina tu, chap chap."

"Pamoja na vipimo vyake?"

"Lo! Navyo vimeingia humo."

"Picha za mishono zihifadhi upendavyo, baba. Bei pia. Lakini kifua, kila mtu aletewe chake! Nimeshakata, unanisikia? Nimeshakata!"

"Navitenganisha sasa hivi. Nisamehe, Mama."

"Wa kuombwa msamaha si mimi."

Akakata simu. Angeweza kumwambia binti kitambaa kimepungua kwa joto la pasi. Nani angejua? Uongo ulimfika ulimini, akaumeza.

"Kosa ni letu, mwanangu. Nimekata kwa vipimo vya mtu mwingine, wala sikukuita nikupime tena."

Binti aliketi kwenye benchi, mgongo wazi, akipapasa maua pajani. Hakulia. "Mama alikitunza miaka tisa," alisema.

"Najua."

Kisha akasimama, akampa fundi mgongo.

"Weka kitambaa kingine hapo katikati. Cheupe. Na usikifiche. Haya, nipime."

Fundi akamzungushia tepu. Thelathini na sita. Akaisoma mara tatu kwa sauti.