Mugeni wa Vidole Tatu

Muniache niseme mbio, juu tangu jana sijakaa chini. Koko yangu, ni kusema babu yangu, Papa Sylvestre, ule munaonaka ku kanisa na cravate ya kijani shingoni, alikuwaka mugeni wa kutoka ku nyota. Sichekeshi. Mwaka 1976, mille neuf cent septante-six, alikuwa mwanafunzi kule Londres, na televizyo ya Waingereza ilikuwa inatafuta muntu murefu wa kuingia mu nguo ya mpira, kichwa sawa boga. Ilikuwa feuilleton, muchezo wa televizyo, ya bageni banashuka ku kilima nyuma ya kijiji, banapima majani, banakamata ng'ombe moja, kisha banaenda zao. Koko njo alikuwa mukubwa wao. Sura yake haikuonekana, na jina yake haikuandikwa.

Mimi nilijua tu gant, ile ya kuvaa mukononi. Iko na vidole tatu, anaichungaka mu valizi chini ya kitanda. Mwezi wa tatu nikaipiga picha, nikaitia ku Facebook, kujifurahisha tu. Siku mbili, bazungu banaanza kuniandikia. Kumbe bapenzi wa ile feuilleton bako na club hapa Bruxelles, banakutanaka kila mwaka mu salle moja ya mikutano karibu na Porte de Namur, na bamejifunza luga ya bale bageni. Bako na dictionnaire, kamusi ya page makumi sita. Bon, mimi nilisoma communication, ningeuliza swali moja kidogo: hii luga ilitoka wapi? Sikuuliza. Nikajibu tu: Papa Sylvestre atakuja.

Jana, mu metro, koko akanigusa mukono.

"Kasoki, ile haiko luga ya nyota. Ni Kinande."

"Kinande ya kwetu Butembo?"

"Unajua ingine? Mukubwa wa filme aliniambia, sema chochote, mradi muntu asielewe. Halafu sauti yangu banaipitisha mu mashini."

"Na ulikuwa unasema nini?"

Akaangalia dirisha. Nje hakukuwa kitu, tulikuwa chini ya udongo.

"Bitu ya muntu mwenye njaa. Asubui banakushona ile nguo mugongoni, mangaribi njo banafumua. Midi, saa sita, benzako banakula, wewe unasimama."

Nilitaka tugeuke, lakini tulikuwa tumefika.

Mu salle bakapiga makofi mpaka koko akavua kofia. Maman mumoja wa kizungu, nywele nyeupe, akamuinulia vidole tatu na akamusalimia na heshima yote. Kinande yangu ni ya jikoni, lakini ile nilisikia: "Mugongo unaniwasha."

"Pole, maman," koko akamujibu.

Mimi nilicheka mpaka nikaenda kujificha karibu na makoti. Niliporudi, koko alikuwa amekaa na muzee mumoja, amevaa écharpe nyekundu shingoni, ameshika karatasi. Jina yake Mathieu. Alikuwa anasema Kifaransa polepole, sawa muntu aliyejizoeza mbele ya kioo.

"Bibi yangu Carine, mke wangu, alikufa mwezi wa pili. Tulijuana hapa mu club. Siku yake ya mwisho ku hospitali, aliinua vidole tatu, akaniambia maneno yako ya kuaga ya mu feuilleton, yote, bila kukosa. Dictionnaire inasema: tunaenda, nuru inabaki, tutarudi. Jumanne fundi atayachonga ku jiwe yake, ku makaburi ya Laeken. Lakini dictionnaire tuliiandika sisi. Wewe njo uliyasema. Ni maana hiyo aliniambia?"

Koko akanigeukia, akasema na Kiswahili.

"Kasoki, nifanye nini?"

"Sema ndiyo."

"Unajua nilisema nini pale?"

"Sitaki kujua. Sema ndiyo, tuende."

"Nilisema: mumekula byote, hamukuniachia hata kiazi, nikitoka humu sirudi tena."

Nikamuvuta mukono.

"Koko, tafadhali. Sema ndiyo."

"Anataka kuandika ku jiwe. Mimi ni muzee wa kanisa."

"Mungu ataelewa."

"Mungu, sawa. Na huyu?"

Nyuma yetu ule maman wa mugongo akamunong'oneza mwenzake, "Unasikia? Banaisema ile luga."

Koko akamuambia Mathieu kila kitu: nguo, njaa, neno kwa neno, hata kiazi. Mathieu akakunja karatasi mara mbili, mara ine. Akasema merci. Akatoka, écharpe ikabaki ku kiti.

Nikamukimbilia mpaka ku ngazi ya metro, hayuko. Nikawaachia ba club adresse yetu ya Auderghem, bamupe. Leo, tangu turudi ku kanisa, nimeosha sahani zilizokuwa safi. Nimekunja ile écharpe, nikaikunjua. Nikaangalia téléphone mpaka batterie ikaisha.

"Koko, ungedanganya kidogo tu."

"Halafu kila mwaka analeta maua juu ya uongo yangu?"

"Sasa hata neno la mwisho la bibi yake hana. Na mimi njo nilitia ile picha."

Koko pia hakuwa amekula, nilikuwa nimeona sahani yake.

Saa saba sonnette ya mulango ikalia. Nikafungua: Mathieu, koti imefungwa mpaka shingoni, kifua imevimba. Akaingia, akafungua koti, akatoa sachet kubwa ya viazi ya kukaanga. Frites. Mafuta ilikuwa imeshapita mu karatasi mpaka ku shati yake. Akaiweka mbele ya koko.

"Kula. Bila hivyo bitapoa."

Koko akaangalia ile sachet. Akaanza kula, polepole, moja moja.

Kisha Mathieu akasema, "Wiki tatu Carine walimulisha na mupira wa puani. Kila siku aliomba frites, kila siku bananiambia hapana. Hata mimi nilimuambia hapana. Jana mu metro nilianza kucheka peke yangu, batu bakanihama. Kisha nikalia, bakahama tena."

Akatoa ile karatasi, imechoka na mikunjo.

"Nimemupigia fundi. Anaandika maneno yale yale. Lakini anataka herufi za kweli za Kinande, si za club. Kiazi munaandikaka namna gani?"

Koko akapangusa vidole na mouchoir, kimoja kimoja. Akakamata bic, akaandika mustari wote, na herufi kubwa ili fundi asikosee. Kisha akamusukumia sachet.

Alikuwa amemubakishia nusu.