Maji ya Moto ya Bibi Sayrakan

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, Shangazi Gulsun angepanda ndani ya lori letu, afungue koki, na asubiri. Maji ya moto yakitoka, Bibi angekwenda nasi malishoni Son-Kul, juu milimani. Yasipotoka, Bibi angepelekwa mjini Bishkek kwa Shangazi, ghorofa ya nne, akae kiangazi kizima akitazama magari yakiegeshwa.

Shangazi amekuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita, na hukumu zake hazikatiwi rufaa. Alizisoma zote mezani kwetu Kochkor mwezi wa nne, huku akitafuna andazi. Magoti ya Bibi yamechoka. Kule juu theluji huanguka hata Julai. Mzee wa miaka sabini na saba hawezi kunawia maji ya barafu mtoni. Kisha akaongeza la mwisho kwa sauti ya chini, kana kwamba Bibi hayupo:

"Na kichwa nacho kimeanza kusahau. Mwezi uliopita niliikuta sabuni kwenye friji, na jibini kwenye kisahani cha sabuni."

"Jibini lile lilikuwa na ladha ya sabuni tangu dukani," Bibi alisema. "Nililirudisha kwa ndugu zake."

Mimi nilicheka. Shangazi hakucheka. Bibi naye aliinamia kikombe chake na hakukiinua tena mpaka chai ikapoa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili ni zito. Bibi Sayrakan amepanda malishoni kila kiangazi tangu alipobebwa mgongoni, na hajawahi kuacha chai ipoe.

Baba na mama walikuwa wametangulia na mifugo. Kazi ya kumwokoa Bibi ikabaki kwa watu wawili: Baba mdogo Tilek, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mimi, Ermek, mwanafunzi wa bweni huko Naryn, niliyerudi nyumbani wiki mbili kabla ya wenzangu kwa sababu ambazo mwalimu mkuu alizieleza kwa barua ndefu. Kwa kifupi, kengele ya chakula cha mchana ililia saa tatu asubuhi, na shule nzima ikala.

Lori lenyewe lina umri mkubwa kumzidi Baba mdogo. Mgongoni tulikuwa tumelijengea kijumba cha mbao chenye dirisha, kitanda cha Bibi, meza ya kukunja na jiko dogo la chuma lenye bomba la moshi linalotokea kwenye paa. Kilichokosekana ni maji.

"Leo tunaleta ustaarabu," alisema Baba mdogo, akashusha mitungi miwili ya maziwa ya alumini, ile ya lita arobaini yenye kifuniko cha kubana. "Wewe utashika tochi. Kitu kingine usiguse."

"Hata nyundo?"

"Hasa nyundo."

Simlaumu. Mwaka uliopita nilitia maji mekundu ya bitiruti kwenye tangi la kunawia, naye akaenda harusini akiwa na mashavu ya bibi harusi. Kuna picha.

Mpango wake ulikuwa rahisi, na nakiri kwa uchungu kwamba ulikuwa mzuri. Mitungi ilifungwa juu ya rafu, karibu na dari, kwa mikanda ya tandiko la farasi ili isirukeruke njiani. Matumbo yake yakaunganishwa kwa bomba moja. Bomba hilo likashuka hadi kwenye jiko, likageuka kuwa la shaba, likazungushwa mara tisa kwenye bomba la moshi kama nyoka aliyeona baridi, kisha likaishia kwenye koki juu ya karai. Maji yanashuka kwa uzito wake, yanapita kwenye moto, yanatoka yakiwa yamepashwa. Hakuna umeme, hakuna pampu. Unachohitaji ni samadi kavu ya ng'ombe jikoni, na malishoni samadi ni kitu pekee kisichokwisha.

"Toboa kifuniko, Baba mdogo," nilisema. "Hewa isipoingia juu, maji hayatatoka chini."

Akanitazama kwa muda mrefu. "Huo ni utani?"

"Ni fizikia."

"Utani wako wote huanza hivyo."

Alijaribu bila tundu. Koki ikatoa vikombe viwili, ikagoma. Akatoboa tundu bila kusema neno, na mimi, kwa ukarimu, nikasema maneno machache tu, kama dakika kumi hivi.

Alhamisi jioni tuliwasha jiko na kufungua koki. Maji yalitoka yakiwa na mvuke. Baba mdogo akanawa uso mara tatu, mara ya tatu bila sababu yoyote. Tukamwita Bibi. Akaweka mkono chini ya koki, akauacha pale, akafumba macho.

"Gulsun aje," alisema. "Aje hata leo."

Tulimwaga maji yote ili yasigande usiku, tukaiacha mitungi wazi ikauke. Ijumaa tukaenda sokoni kutafuta mpira wa akiba wa koki, tukazurura hadi jioni. Bibi alibaki nyumbani peke yake.

Jumamosi Shangazi alifika saa nne kasorobo, maana watu wa aina yake huwahi ili wakukute hujawa tayari. Nilikuwa juu ya rafu nikimimina ndoo za maji ya chemchemi, baridi ya kuuma meno. Nilisikia harufu ya moshi wa mreteni, ule mti wa milimani wenye kunukia, ndani ya mtungi, nikadhani ni jiko. Baba mdogo alikuwa ameshaliwasha, na lilikuwa likinguruma vizuri.

"Haya," alisema Shangazi, akivua glavu. "Nionyesheni."

"Karibu, dada," alisema Baba mdogo. Alikuwa amevaa kofia yake nyeupe ya sufu, ya sherehe. Akafungua koki kwa vidole viwili, kama mtu anayekata utepe.

Koki haikutoa kitu.

Akaizungusha mpaka mwisho. Haikutoa hata tone. Akaigonga. Akainama, akachungulia ndani yake kwa jicho moja. Kisha, polepole sana, yeye na Shangazi wakageuka wakanitazama mimi.

"Ermek," alisema Baba mdogo. "Umetia nini?"

"Sijatia kitu!"

"Si leo, mwanangu. Siku zote nakuvumilia, lakini si leo."

"Naapa, Baba mdogo! Juzi si ilifanya kazi? Uliosha uso mpaka ukang'aa!"

"Ndiyo. Na tangu juzi, ni nani mwenye akili kama yako aliyeingia humu?"

Nilipanda kwenye rafu, nikafungua kifuniko na kumulika tochi ndani. Kuta za mtungi zilikuwa za kahawia, zinang'aa. Nikapitisha kidole juu ya maji: mafuta. Mafuta ya mkia wa kondoo, yamepakwa kwa ustadi na kufukizwa moshi wa mreteni, sawasawa na Bibi anavyoandaa vyombo vya kutilia kumis kila mwanzo wa kiangazi, ili maziwa ya farasi yachache vizuri na yawe na ladha ya nyumbani. Moshi wa moto ulikuwa umeyayeyusha mafuta. Yalitiririka hadi chini, yakaingia kwenye bomba. Na mimi, kwa maji yangu ya chemchemi, nikayagandisha humo kama kizibo.

Nilitazama mlangoni. Bibi alikuwa amesimama nje, kwenye ngazi, ameshika birika. Hakuwa amesikia chochote. Alikuwa amevaa kitambaa chake kipya cha kichwani.

Shangazi akasogea karibu na rafu, akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya mezani. "Ni Mama, siyo? Nilimwambia asiguse mitungi hii. Nilimpigia simu mara tatu. Mara tatu, Ermek. Kama amesahau mara tatu, basi haendi popote."

Nina rekodi safi ya kukana makosa niliyoyafanya. Kukiri kosa nisilolifanya lilikuwa jambo geni kwangu, na nililikabili kwa heshima zote. Nikashuka. Nikavua kofia.

"Ni mimi," nilisema. "Nilipaka mafuta ya kondoo. Utani."

"Utani!" Baba mdogo akajipiga paji la uso. "Nilijua! Nilijua tangu kwenye fizikia!"

"Mafuta ya kondoo kwenye maji ya kunywa?" alisema Shangazi. "Kwa nini?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. "Ili... ili mtu akinawa, mbwa wamfuate."

Nakiri kwamba hata Baba mdogo alionekana kuipima, na kuiona si mbaya.

"Basi umemharibia bibi yako malisho," alisema Shangazi, lakini macho yake bado yalikuwa yananichunguza, maana wauguzi hudanganywa kila siku na wagonjwa wanaosema wamemeza dawa. "Uliyapaka vipi?"

"Nilichukua bonge, nikalisugua ovyo ovyo tu, huku na kule..."

"Ovyo ovyo?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Bibi. Alikuwa ameshapanda ngazi. Magoti yake, yale yaliyochoka, yalimpandisha vidato vinne bila kushika kitu.

"Nani amepaka ovyo ovyo? Huyu? Huyu hajui kupaka siagi kwenye mkate!" Akaweka birika chini, akanisogeza pembeni kama pazia. "Mafuta ya mkia, kiasi cha yai moja kwa kila mtungi. Unayapasha kiganjani kwanza. Unaanza mabegani mwa mtungi, unashuka kwa kuzungusha. Kisha mreteni mkavu, vijiti saba, si vibichi, vibichi hutia uchungu. Unafukiza, unafunika, unasubiri moshi utulie, unarudia. Mara tatu. Jana nilisimama juu ya kitanda nikaanza baada ya chai ya saa nne, nikamaliza wakati mbuzi wa jirani wakirudi. Ovyo ovyo! Mimi?"

Nilimkonyeza. Nilimkanyaga mguu kidogo. Haikusaidia.

"Mama," alisema Shangazi polepole. "Nilikwambia ni ya maji. Nilikwambia usiiguse."

"Ulinambia."

"Mara tatu."

"Jumapili, Jumanne, na Jumatano ukiwa kazini, mtu analia nyuma yako akichomwa sindano."

"Sasa ulisahau?"

"Nimesahau nini? Nimekwambia siku zote tatu!" Bibi alishika kiuno. "Sikusahau. Nilikataa. Nilikaa na mitungi miwili uchi ndani ya kijumba changu, inanuka kiwanda, na watoto wangu wanataka kuinywea maji kama watu wasio na mama. Wewe ulisema, nikasikia, nikaona umekosea. Nikangoja hawa wawili waende sokoni."

Jiko lilinguruma. Shangazi Gulsun alimtazama mama yake, na uso wake ukaanza kufanya kitu ambacho sikuwahi kukiona: pembe moja ya mdomo ikapanda, ikashushwa kwa nguvu, ikapanda tena.

"Na sabuni?" aliuliza. "Sabuni kwenye friji?"

"Sabuni nilisahau," alisema Bibi. "Nilikuwa naongea na simu. Ni wewe uliyepiga."

Hapo ndipo bomba lilipotoa sauti, kama ngamia aliyeamshwa kabla ya wakati. Nikakumbuka kwamba shaba hupitisha joto, kwamba lile bomba la shaba lililozungushwa lilikuwa tupu na moto umekuwa ukiwaka chini yake muda wote huu, na kwamba juu ya kizibo kile kulikuwa na lita themanini za maji.

"Tokeni hapo!" nilipiga kelele.

"Fizikia tena?" alisema Baba mdogo, akainama kuchungulia koki.

Shangazi alimkamata kola akamvuta nyuma kwa mkono mmoja, kofia ikaangukia kwenye karai. Koki ikakohoa mara mbili, ikapiga mluzi, ikatema bonge la mafuta, wingu la mvuke, kisha mafuta tena, na yote yakatua juu ya ile kofia nyeupe ya sherehe. Baada ya hapo, kwa utulivu kabisa, kana kwamba ndiyo kawaida yake, maji yakaanza kutiririka. Yalikuwa na rangi ya chai hafifu, na kijumba kizima kikanukia kama hema la malishoni mwezi wa saba.

Shangazi alisubiri mvuke upungue. Akagusa maji kwa ncha ya kidole, kisha kwa mkono, kisha kwa mikono yote miwili. Akanusa viganja vyake. Alivinusa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kitabibu.

"Ni ya moto," alisema.

"Kwa hiyo?" Bibi aliuliza. Birika lilikuwa tena mkononi mwake.

"Kwa hiyo nenda, Mama. Ila mtungi mmoja utasafishwa mpaka ung'ae, wa kuogea. Huo mwingine shauri lenu na matumbo yenu."

"Ataosha Ermek," alisema Baba mdogo, akiikamua kofia.

"Mimi? Mimi sijafanya kosa! Mimi nimejitoa mhanga!"

"Umedanganya muuguzi," alisema Shangazi.

"Na umesema nilipaka ovyo," alisema Bibi, na nikaona kwamba mbele ya mahakama hii kosa la pili ndilo kubwa.

Nilisugua mtungi ule kwa maji ya moto na majivu mpaka jua likageukia upande wa pili. Baba mdogo alizibua mabomba, akaitenganisha mitungi miwili, akabadilisha kipande kimoja kwa kingine kipana zaidi. Shangazi alienda ndani kutafuta kitambaa cha kujifutia, akarudi na mito mitatu kwa ajili ya magoti, huku akilalamika kwamba kitanda ni kigumu.

Safari ilikuwa Jumatatu. Bibi hakungoja. Alipanda ngazi, akaketi kitandani ndani ya lori, akapanga mito yake, akatangaza kwamba hashuki.

"Mama, leo Jumamosi," alisema Shangazi. "Lori liko uani. Halina hata betri."

"Najua siku ni ipi," alisema Bibi. "Na wewe nakujua. Leteni chakula humu."

Tukampelekea.