Ukifumba Macho Haifunguki

"Huyu hasemi," Nungarrayi alimwambia muuzaji kabla hata hajasalimiwa. "Usimuulize kitu, hatakujibu. Kafiwa na mume. Niulize mimi."

Nangala alisimama nyuma yake, kichwa kimenyolewa, vumbi jekundu la barabara ya Tanami bado limemganda kwenye visigino. Walikuwa wametoka kijijini alfajiri, mwendo wa saa tatu na nusu ndani ya gari la Nungarrayi, na njia nzima aliyezungumza ni mmoja. Ilikuwa wiki ya tisa ya msiba. Kizuka wa Kiwarlpiri, kabila la wenyeji wa jangwa la Australia, hatoi sauti mpaka ndugu wa mume wamfungue kinywa. Husema kwa mikono. Jina la marehemu halitajwi, uso wake hautazamwi, sauti yake haisikilizwi, mpaka muda huo utimie. Walimwita Kumanjayi, kama wanavyoitwa wote ambao majina yao yamekwenda nao kaburini.

Kilichowaleta mjini Alice Springs ni jambo la dukani kijijini, wiki iliyopita. Nangala alikuwa kwenye foleni na mama mkwe wake, Nakamarra, mzee wa watu aliyekuja kununua unga na maziwa. Simu ikiwa mkononi mwa Nangala, hakuigusa, ikawaka yenyewe. "Siku kama ya leo, mwaka jana." Muziki laini ukaanza, na Kumanjayi akatokea kiooni na kofia yake, anacheka, ameshika mkia wa kangaruu. Nakamarra aliuangusha unga, akaanguka juu yake, akalia kilio ambacho kiliwafanya wafunge duka.

Nungarrayi, binti wa Nakamarra na dada wa marehemu, alisema Nangala alifanya makusudi. Kikao cha ukoo kikaamua simu ibadilishwe.

Hakuna aliyejua, ila Nangala, kwamba ndani ya simu hiyo mlikuwa na video ya dakika mbili. Kumanjayi alijirekodi mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha kusafishia damu hapahapa mjini, mipira imemwingia mkononi, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimekufa zamani. "Mimi ndiye ninayetaka kurudi nyumbani," alisema. "Mke wangu amenikatalia mara tatu. Nimechoka na mashine hii. Nataka kufia kwetu. Mtu asije akamlaumu." Siku kumi na moja baadaye alifia kwao, chini ya blanketi lake, mbwa wake wakiwa miguuni. Na tangu siku hiyo Nungarrayi alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba wifi yake alimchomoa kaka yake kwenye mashine kama mtu anavyochomoa waya wa friji.

Nangala hakupata nafasi ya kuionyesha. Siku ileile sheria ilifunga vyote viwili, uso wa mumewe na mdomo wake yeye. Akawa anasubiri. Siku akifunguliwa kinywa, ataiweka video ile mbele ya Nakamarra, na Napaljarri mdogo, mtoto wao wa miaka miwili, atakua akijua mama yake si muuaji. Alikuwa na hiyo tu.

Muuzaji alikuwa kijana wa Kinepali, Bishwas, mpole, shati limepigwa pasi. Aliziweka simu mbili juu ya meza.

"Haya, mama. Dunia ya simu ina pande mbili. Huku kuna Android. Makampuni mengi yanatengeneza, kwa hiyo zipo za kila bei, ndogo, kubwa, za betri ya siku mbili. Ukitaka kuipanga utakavyo, inapangika. Hii hapa ni iPhone. Ya kampuni moja, aina chache, bei yake imesimama. Lakini ukiinunua leo inapata maboresho miaka mingi, na—"

"Sikuja kusoma," Nungarrayi alimkata. "Yeye alikuwa na Android. Sasa mimi nataka ile inayosahau."

Bishwas alicheka, akadhani ni mzaha. Alipoona anacheka peke yake akaelewa.

"Inayosahau nini, mama?"

"Watu. Hii ya kwake inafufua watu. Inawatoa na muziki."

"Ahaa. Kumbukumbu." Alishusha sauti. "Mama, nikwambie ukweli, hakuna inayosahau. Zote mbili zina tabia hiyo. Na zote mbili unaweza kuikataza, ukijua pa kubonyeza. Android utapata chumba cha siri, unaweka vitu vyako ndani unafunga. iPhone unaweza kuweka kufuli juu ya programu yenyewe, hata hiyo ya picha, isifunguke ila kwa uso wako. Na hapa kuna kitu kizuri: ukifumba macho haifunguki. Ukilala, mtu hawezi kukuwekea usoni akaifungua."

"Nani atamwekea?" Nungarrayi alimtazama Nangala juu mpaka chini. "Mume hana. Na kwa kichwa hicho, simu yenyewe itamkimbia."

Nangala alinyanyua mkono. Aliashiria simu ya zamani, akavuta vidole kuelekea ile mpya, akageuza kiganja juu. Vya humu vitaingia humu?

"Anasemaje?" Bishwas akauliza.

"Anauliza kama ipo nyekundu."

Nangala alirudia, polepole, akimtazama kijana machoni.

"Nyekundu sana," Nungarrayi akasema. "Kama hakuna, basi. Sikiliza kijana. Binamu yangu alihama Android akaenda iPhone, akapoteza kila kitu. Picha za harusi, za watoto, kwisha. Si ndivyo? Ukivuka upande wa pili, vya zamani vinabaki ng'ambo."

Bishwas alifungua mdomo ajibu, lakini simu ya Nungarrayi ililia. Alikuwa dada yake mwingine, akitaka kujua kama jambo limekwisha. Nungarrayi alisogea mpaka kwenye rafu ya makava ya simu, akaanza kusimulia kwa sauti ya juu kama vile duka ni lake. "Bado! Huyu mtoto ananihubiria... Eh? Anatazama tu, kama mjusi juu ya jiwe."

Nangala aliivuta simu ya maonyesho iliyofungwa kwa kamba ya chuma mezani. Akafungua mahali pa kuandikia. Kidole kilimponyoka, kikagusa herufi ya kwanza ya jina lile. Kwenye simu yake, herufi hiyo moja ilitosha. Jina zima lilijileta, kila mara, na kila mara alilifuta akigeuza uso. Simu hii haikuleta kitu ila maneno ya sokoni. Haikumjua. Nangala hakujua kama alichokisikia kifuani ni nafuu au ni msiba mpya. Kisha akafuta, akaandika:

Nikihama picha na video zinavuka?

Bishwas alisoma. Naye hakusema kwa mdomo. Aliandika chini yake: Zote. Tunaziweka simu pamoja, kama saa moja. Binamu wa huyu mama hakuambiwa hivyo.

"Anafanya nini huyo?" Nungarrayi alikuwa amerudi. "Anaandika! Wewe, kuandika ni kusema! Unavunja kimya cha kaka yangu ndani ya duka la simu?"

"Ameniuliza habari ya simu, mama," Bishwas alisema, huku akifuta maandishi.

"Na mimi niko hapa kwa ajili gani? Nimekuwa sanamu?" Alimsogelea Nangala mpaka harufu ya chai ikamfika usoni. "Nitamwambia mama. Nitamwambia huna hata haya ya wiki tisa. Kinywa chako sisi ndio tunakifungua, na tukitaka kukaa miaka miwili, tutakaa miaka miwili."

Nangala alinyoosha kidole, akagusa iPhone.

Nungarrayi alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi ulimkimbia mikononi. Akatabasamu upande mmoja.

"Aa. Leo umetii. Mfungie hiyo hiyo, kijana. Kumbe ukipigiwa kelele unasikia."

Nangala alilipa kwa kadi yake mwenyewe. Bishwas aliwasha simu, akamwomba azungushe kichwa mbele ya kioo ili isome uso wake. Alizungusha, kichwa kipara, mashavu yameingia ndani. Kisha namba ya siri, tarakimu sita. Aligeuka ukutani akaziandika. Nungarrayi alichoshwa na mambo hayo akatoka kutafuta kuku na chipsi. Bishwas alizilaza simu mbili sambamba kama watoto pacha, akanakili namba kutoka hii kwenda hii, akamwonyesha Nangala mstari mwembamba unaojaa.

"Video ni nzito, zitachukua muda. Usiziguse zote mbili. Zisitengane."

Nangala alikaa kwenye kiti cha plastiki akautazama mstari. Robo. Theluthi. Mteja aliingia, akatoka. Ulipofika nusu alianza kuhesabu pumzi zake bila kujua kwa nini. Ulipoipita nusu kwa mbali, mlango ulifunguliwa.

Nungarrayi alisimama na mfuko wa chipsi, midomo inang'aa mafuta. Alizitazama simu mbili.

"Hicho kinachotembea ni nini?"

Bishwas hakujua alichokuwa anakijibu. Alikuwa na fahari ya kazi yake. "Vitu vyake, mama. Picha, video. Siku hizi vinavuka vizuri tu, si kama zamani."

Chipsi zilitawanyika sakafuni. Nungarrayi aliinyakua simu ya zamani, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Kwenye simu mpya mstari ulisimama, kisha maandishi yakaja: uhamisho umekatika.

"Mchawi!" alipiga kelele. "Umekaa kimya kumbe unamwiba! Umemuua, sasa unamtia mfukoni?"

Nangala alisimama. Mikono yake ilikuja juu, ikaanza kusema, ikaacha.

"Zimevuka ngapi?" Nungarrayi alimgeukia Bishwas. "Sema!"

"Sijui, mama. Huenda nyingi. Huenda nusu. Haionyeshi mpaka ufungue utazame."

"Fungua utazame!"

Bishwas alimtazama Nangala. Nangala aliinama, akaichukua simu mpya, akamwashiria kufuli kwa kidole, kwenye alama ya picha. Kijana alielewa. Alibonyeza pale, bila kufungua ndani. Simu ikamtaka mwenyewe athibitishe, Nangala akaitazama mara moja, na chumba cha picha kikafungwa. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Nungarrayi aliona vidole tu.

"Nimesema fungua! Mimi siwezi kumwangalia kaka yangu na wewe huwezi, lakini huyu ni mgeni, hana msiba nasi. Aingie, amtoe mmoja mmoja, amfute. Na kama kuna sauti yake humo, aifute vilevile!"

Alimpokonya Nangala simu, akaisimamisha mbele ya uso wa Nangala, karibu mno, kama mtu anayemwonyesha mtoto kosa lake.

Nangala alifumba macho.

Simu ilitikisika kidogo, ikakataa. Nungarrayi alijaribu tena, kutoka kushoto, kutoka kulia. Ilikataa. Kisha ikaomba namba.

"Namba! Nipe namba!"

Alijua Nangala angeweza kuitaja kwa vidole, sita tu. Nangala alirudi kitini, akaitia mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Macho yamefumbwa, mdomo umefungwa, mikono haionekani. Hapakubaki mahali pa kumwulizia.

"Angalia," Nungarrayi alimwambia Bishwas. "Angalia mwanamke huyu. Hivi ndivyo alivyokaa wakati kaka yangu anakata roho. Hivihivi."

Huo ulikuwa uongo, na katika watu waliokuwa dukani ni mmoja tu aliyejua, naye hakufungua jicho.

"Mama," Bishwas akasema taratibu, "simu ni yake. Siwezi kuifungua. Naomba uiweke mezani."

Aliitupa mezani.

Nje, juani, Nungarrayi aliiweka simu ya zamani mbele ya gurudumu la mbele la gari lake. Vitu vya marehemu huharibiwa, na ingawa simu ilikuwa ya mkewe, Kumanjayi aliishika sana. Alipita juu yake, akarudi nyuma, akapita tena. Nangala aliusikia mvunjiko ule kwa miguu, kupitia sakafu ya gari. Haukuwa mkubwa.

Waliondoka mjini saa nane. Lami ilipokwisha, Nungarrayi aliwasha redio, akaizima.

"Siku utakapofunguliwa kinywa," alisema, "nitakaa mbele kabisa. Utaifungua simu hiyo mbele ya mama. Na kama hamna kitu humo, nitacheka mpaka nilie. Na kama mna kitu, ole wako."

Nangala alitazama vichuguu vya mchwa vikipita. Video ile Kumanjayi aliirekodi mwezi wa mwisho wa uhai wake. Kama simu huanza na vya zamani, haikufika. Kama huanza na vipya, imefika. Hakumuuliza Bishwas hilo, na sasa hakukuwa na njia ya kujua ila kufungua, na kufungua hakuruhusiwi, si yeye, si Nungarrayi, si Nakamarra, mpaka siku ambayo wao wenyewe wataichagua.

Kwa hiyo aliilaza simu mapajani kifudifudi, kioo chini, isije ikamwona usoni ikafunguka, akaweka viganja viwili juu yake, barabara yote, hata pale gari liliporuka kwenye makorongo na Nungarrayi akamwambia ashike mlango.