Mtumbwi Katikati ya Migomba

Mtumbwi wa Immakulata ulizaliwa mlimani, katikati ya migomba, kama kifaranga wa bata aliyeanguliwa na kuku. Kila aliyepita Izigo akauona pale uani kwa fundi Nathanieli alisimama, akautazama, akalitazama ziwa kule chini, kisha akaenda zake akicheka.

"Kule mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, mbao zina miguu," Nathanieli alijitetea. "Unalaza kumi, unaamsha saba. Hapa kwangu nalala nazo ukuta kwa ukuta."

"Na kushuka je, fundi?"

"Kushuka kuna barabara."

Barabara ilikuwepo, kweli. Halafu masika ikaja, ikaila, ikaacha korongo ambalo hata mbuzi wa Nathanieli wanalipita wamefumba macho.

Kwa hiyo Alhamisi ile ya Julai mtumbwi ulikuwa tayari, umepakwa rangi ya bluu mpaka unang'aa, na haukuwa na pa kupita. Na ilibidi upite siku hiyohiyo. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu hakuna dagaa mjinga wa kuifuata taa, basi siku za mbalamwezi mwalo mzima unakuwa likizo: wanaume wanashona nyavu na kubishana mpira, wanawake tunasukana na kuwasengenya. Jioni ile giza lilikuwa linarudi na mitumbwi inatoka tena. Rwekaza na vijana wake watatu, wavuvi pekee waliobaki bila mtumbwi, walimwambia Immakulata wazi:

"Ma Immakulata, saa kumi mtumbwi ukiwa unaelea, sisi ni wako mpaka mwaka uishe. Ukiwa bado unatembea nchi kavu, tunapanda mtumbwi wa Lwakatare."

Hawakuwa wabaya. Nao wana watoto. Lakini mtumbwi usio na wavuvi ni birika la kunyweshea ng'ombe, na Immakulata alikuwa ameanika dagaa wa watu miaka kumi na miwili ili aupate huo mmoja. Nilianika naye. Wangu niliupata mapema zaidi, na mara ya mwisho kuuona ulikuwa unaelekea Uganda bila mtu, upepo ndiye nahodha. Ndiyo maana siku ile nilikuwa na haki ya kucheka kuliko wote, na niliitumia.

Tulipanda mlimani watu kama thelathini, wanawake wa dagaa na wanaume wa likizo. Tukauinua mtumbwi, tukauzungusha nyuma ya nyumba ya fundi, na hatua ishirini baadaye tukagota kwenye mpaka wa mzee Karugendo, Ta Karugendo kwa heshima ya kwetu, ambaye shamba lake ndilo njia pekee iliyobaki ya kushukia ziwani.

Mpaka wenyewe ni mlamula, ule mmea mwembamba wenye majani marefu ambao wazee walipanda kutenganisha kibanja na kibanja, yaani shamba la migomba la mtu na la jirani yake. Kwetu mlamula haung'olewi. Unaweza kumwibia mtu kuku mkasameheana kabla ya Misa ya Jumapili, lakini ukigusa mlamula wake, wajukuu zenu watasalimiana kwa mbali. Na nyuma ya mlamula alisimama Karugendo mwenyewe, kofia kichwani, mundu mkononi. Mzee huyu alifanya kazi miaka thelathini kwenye utafiti wa migomba kule Maruku, akastaafu na tabia ya kuwatambulisha wageni kwa migomba yake, mmoja mmoja.

"Mnakwenda wapi na nyumba hiyo?"

"Ziwani, Ta Karugendo waitu." Immakulata alipiga goti, kama tunavyowaheshimu wazee. "Tunaomba njia."

"Njia ya mtu ni futi mbili. Hicho kina futi ngapi?"

Nathanieli alikohoa. "Sita."

"Basi hamuombi njia. Mnaomba kibanja."

"Ta, hatukati kitu," nikadakia. "Tunaupitisha juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya vichwa vyetu. Chako tunakiacha, kina kofia."

Watu walicheka. Karugendo hakucheka. "Agnetha, mdomo wako ungekuwa mbolea, Izigo yote ingeshiba. Na mikungu je? Ule pale umebakiza wiki mbili. Mkiugonga mtaniambia nini? Samahani? Nyie watu wa ziwani mnavuna msichopanda. Hamjui mkungu ni nini."

Ilikuwa saa nane imepita. Immakulata aliinuka, akafuta goti.

"Panda wewe mwenyewe, Ta. Kaa humo ndani, uisogeze mikungu kwa mikono yako. Jani moja likichanika, sema turudi. Tutarudi."

Nilitaka kumfinya. Jani la mgomba linachanika hata ukilitazama vibaya! Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mzee aliling'ang'ania kama mtu aliyepata kesi nzuri. Akautundika mundu kwenye tawi la mbuni, akatoa viatu, na tukampandisha mtumbwini kama askofu anayesimikwa.

"Inueni!"

Tukainua. Mtumbwi ukapaa juu ya mibuni, miguu sitini chini yake kama jongoo, na Karugendo juu anatoa amri.

"Kushoto! Kushoto zaidi! Huyo mgomba ni nshakara, mpisheni!"

"Shikamoo nshakara!" nikapaza sauti, na watu thelathini wakaitikia, "Shikamoo!"

"Msicheke, mnatikisa! Mbele polepole. Simameni. Simameni nimesema!"

Ulikuwa ni ule mkungu wa wiki mbili, umening'inia katikati ya njia. Mzee aliukumbatia kifuani. Sisi tukasogea mbele chini yake, naye akawa anarudi kinyumenyume ndani ya mtumbwi, hatua kwa hatua, mkungu mikononi kama mtoto wa kubatizwa, mpaka akafika mwisho kabisa akauachia taratibu. Haukuyumba hata kidogo.

"Mae waitu," alishangaa Immakulata kwa sauti ndogo chini ya ubao. Jasho lilimtiririka, na alikuwa anacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, chembamba kama cha msichana.

Kwenye mlamula wa chini tulilazimika kuinua juu zaidi. Nathanieli ni mfupi. Miguu yake ikaachana na ardhi, akavuka mpaka ananing'inia.

"Fundi, unabeba au unabebwa?"

"Nakagua misumari!"

Ng'ambo ya mlamula kuna rweya, ule uwanda wa nyasi usio na mwenyewe, unaoteremka moja kwa moja hadi mwaloni. Kiangazi nyasi zake huteleza kama zimepakwa samli. Tukautua mtumbwi ukingoni mwa mteremko tupumue. Karugendo alibaki amesimama ndani, amelipa ziwa mgongo, anakagua kibanja chake jani kwa jani.

"Hakuna," alisema. Hakuamini. "Hakuna hata moja! Nathanieli, umeona? Watu thelathini na mtumbwi, na hakuna hata..."

Mtumbwi ukaondoka.

Hakuna aliyeusukuma. Wengine wanasema Nathanieli aliuegemea, naye anasema alikuwa anakagua misumari. Ulianza polepole, kwa adabu, halafu adabu ikaisha. Karugendo akakaa chini ghafla bila kuambiwa.

"Nishusheni! Nishu..."

Tukaukimbilia, watu thelathini, khanga zinapepea, viatu vinabaki nyuma kimoja kimoja. Nilianguka mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya kucheka. Mbele yetu kofia ya mzee iliruka, mtumbwi ukaruka kichuguu, ukapita kati ya watu wawili waliokuwa wanashona wavu, nao wakalala chali kila mmoja upande wake, na *pwaa!* ziwa likafunguka na kujifunga. Ulikuwa unaelea. Mzee aliyeishi miaka sitini na nane akilitazama ziwa kwa mbali na kuoga kwa ndoo alikuwa katikati yake, ameshika kingo mbili, macho yamemtoka.

Rwekaza alikuwa amesimama mchangani na vijana wake, simu mkononi. "Saa tisa na dakika hamsini na tatu," alisema. Kisha akachungulia. "Lakini Ma Immakulata, unaingiza maji."

Ulikuwa unaingiza. Kila mtumbwi mpya huingiza mpaka mbao zinywe zivimbe, na Rwekaza alijua. Lakini nyuma yake, hatua mia, mtumbwi wa Lwakatare ulikuwa umesimama umekauka vizuri, na vijana walikuwa wanautazama.

Immakulata alifungua mdomo, pumzi haikumruhusu. Nikaokota beseni la dagaa, nikamrushia Karugendo.

"Ta! Kibanja kinaingia maji!"

Hapo ndipo mzee alipozinduka. Alichota, akamwaga, akachota, akamwaga, na kwa kila beseni alitoa neno.

"Wewe! Kijana! Nimetoka! Mlimani! Humu ndani! Jani! Halikuchanika! Mimi! Siogelei! Wewe! Mvuvi! Unaogopa! Kulowa! Vidole?"

Mwalo mzima ulipasuka kwa kicheko. Hata wale vijana watatu. Rwekaza alijaribu kukaza uso, akashindwa, akaiweka simu ndani ya kofia, akakunja suruali, akaingia majini. Alipanda. Alipiga mbao kwa kiganja mbele, katikati, nyuma, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyeridhika. Vijana wakapanda mmoja mmoja, wa mwisho akajaribu kumnyang'anya Karugendo beseni, naye mzee akagoma kulitoa.

"Haya," Rwekaza akaita kutoka majini. "Tajiri, taa ziko wapi?"

Mwaloni mwenye mtumbwi huitwa tajiri, hata kama chumvi anaazima. Immakulata aligeuka nyuma kutazama ni nani anaitwa. Hakukuwa na mtu nyuma yake.

"Ziko kwangu," alisema. Halafu akapiga kelele, "Ziko kwangu, nazileta!" na akakimbia kuzifuata yeye mwenyewe, peku, mama wa miaka hamsini na mbili, huku sisi tukimpigia vigelegele kila hatua.